Koti la Mvua la Pikipiki Hujaribiwa Ukiwa Umekaa

Kwa miaka tisa nimekuwa nikifanya kazi ya uhimilishaji wa ng'ombe wa maziwa, yaani kuwapandikiza mbegu bila dume, katika vijiji vya Rungwe, na kwa miaka yote hiyo usafiri wangu umekuwa pikipiki ndogo yenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, unaotunza mbegu hizo kwa baridi, uliofungwa nyuma kwa mipira. Ng'ombe anayeonekana kuwa kwenye joto, yaani anayetaka kupandwa, alfajiri hutakiwa kuhimilishwa jioni ya siku hiyo hiyo, na anayeonekana jioni huhimilishwa asubuhi inayofuata. Ukichelewa, mfugaji husubiri siku 21 nyingine huku akilisha mnyama asiye na mimba. Kwa hiyo sina nafasi ya kujibanza kwenye kibaraza cha duka nikingoja mvua ikatike, kama wanavyofanya waendesha pikipiki wengi, tena kwa busara. Na mvua ya huku si ya mchezo. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Nyasa hupanda Mlima Rungwe na safu ya Uporoto na kushusha maji mengi kiasi kwamba Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya maradufu ya mvua ya Mbeya mjini, ilhali kati ya miji hiyo miwili ni mwendo wa kilomita 70 hivi. Msimu huanza Novemba na kufikia kilele Aprili, na hata Juni na Julai yapo manyunyu ya baridi ambayo humlowesha mtu polepole bila yeye kutambua.

Katika miaka hiyo tisa nimenunua makoti sita ya mvua, na manne kati yake yalikuwa hasara. Si kwamba yalikuwa ya bei ndogo. Mojawapo ya mawili yaliyonifaa ndilo lililokuwa la bei ndogo kuliko yote. Yalikuwa hasara kwa sababu niliyachagua nikiwa nimesimama dukani, nikipapasa unene wa plastiki, wakati kazi yenyewe ningeifanya nikiwa nimekaa, mikono mbele, magoti yamekunjwa, upepo ukinipiga kifuani.

La kwanza lilikuwa seti ya koti na suruali ya plastiki nzito ya rangi ya bluu, niliyoinunua kwenye duka moja la mjini kwa shilingi 25,000. Muuzaji alimwaga maji mgongoni mwa koti, yakateleza yote hadi chini, akaniambia, "Kaka, hili haliingizi hata tone." Hakuwa mwongo, kwa maana kitambaa chenyewe hakikuingiza hata tone. Lakini siku ya kwanza ya mvua kubwa, kabla sijafika Kiwira, nilihisi baridi ikipanda katikati ya mapaja, na nilipofika kwa mfugaji, bibi mmoja aliyekuwa akinisubiri bandani alinitazama na kuniuliza, "Dokta, mbona umelowa hivyo na koti umevaa?" Sikuwa na jibu siku ile. Nililipata baadaye, nilipoigeuza suruali ndani nje na kuikagua kwenye mwanga wa mlango: mshono unaopita katikati ya mapaja ulikuwa umeshonwa kwa cherehani tu, na kila tundu la sindano lilionekana kama nyota.

Hapo ndipo penye siri yote ya mavazi ya mvua ya pikipiki. Ukiwa unatembea kwa miguu, maji hukugusa na kuteremka. Ukiwa umekaa kwenye pikipiki, maji yanayoteremka kifuani na juu ya tangi la mafuta hukusanyika mbele ya kiti na kuwa kidimbwi kidogo, nawe umekikalia kwa uzito wako wote, ukiyasukuma maji kwenye mshono kila unapopita kwenye shimo. Kitambaa chochote kilichopakwa plastiki kitastahimili mvua inayopiga mgongo, lakini mahali pale pa kukalia hakuna mshono usiozibwa utakaostahimili hata nusu saa.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachofanya dukani siku hizi ni kuiomba suruali, wala si koti, na kuigeuza ndani nje. Ninatafuta utepe mwembamba wa plastiki uliobandikwa kwa moto juu ya mshono, ambao katika suruali nzuri hufuata mshono wote kuanzia kiunoni mbele, katikati ya mapaja, hadi kiunoni nyuma. Ninapitisha ukucha pembeni mwa utepe. Ukinyanyuka kirahisi dukani, hautamaliza msimu. Zipo pia suruali za plastiki ambazo mishono yake imeunganishwa kwa joto bila sindano kabisa, nazo kwa bei ndogo ni bora kuliko zilizoshonwa kisha zikasahauliwa. Muuzaji akikubali, ninamwaga nusu kikombe cha maji ndani ya sehemu ya makalio, ninaikunja kama mfuko na kuishika kwa dakika mbili tatu nikitazama chini yake. Wapo wanaokataa, nami huwashukuru na kwenda duka jingine.

Juu ya lebo zenye tarakimu ningependa kusema jambo moja, kwa sababu zimewachanganya wenzangu wengi. Ukiona kwenye lebo milimita 3,000, 5,000 au 10,000, hiyo hupima urefu wa nguzo ya maji ambayo kitambaa huweza kuizuia kabla hakijaanza kupenyeza. Ni kipimo cha haki, lakini ni cha kitambaa peke yake. Hakisemi lolote kuhusu mishono, zipu wala shingo. Nimewahi kuwa na koti lenye lebo ya 10,000 lililoingiza maji kupitia zipu kama paa lililokosa bati, kwa kuwa halikuwa na ule ulimi wa kitambaa unaoifunika zipu kwa mbele na kufungwa kwa vifungo au velkro. Kwenye pikipiki upepo husukuma maji mbele kwa mbele, na zipu tupu haiwezi kuyazuia.

Baada ya mishono, inafuata kukaa. Usione haya kuomba kiti, au bora zaidi kutoka nje na kukaa kwenye pikipiki yako ukiwa umevaa seti nzima juu ya nguo zako za kawaida na jaketi la baridi. Nyoosha mikono hadi kwenye usukani: je, mikono ya koti imepanda hadi nusu ya kigasha? Kunja magoti na uweke miguu mahali pake: je, suruali imepanda na kuacha ukingo wa buti wazi? Inama mbele kidogo: je, koti limepanda mgongoni na kufungua kiuno? Karibu kila mtu anayechukua saizi yake ya kawaida atajibu ndiyo kwa maswali yote matatu, na ndiyo maana ninashauri saizi moja zaidi, au mbili kwa mtu mrefu. Ninapendelea suruali yenye mikanda ya begani inayofika kifuani, kwa sababu hata koti likipanda, maji hayapati kiuno cha kuingilia. Vazi la kipande kimoja huzuia maji vizuri zaidi, hilo ninalikubali, lakini kulivaa kando ya barabara mvua ikianza, huku umevaa mabuti na lori linakupita, ni adhabu.

Lile vazi pana lisilo na mikono, la kujitumbukiza kichwani, ambalo huuzwa kwa bei ya chini kabisa, ningeliacha kwa watembea kwa miguu. Upepo hulijaza likawa kama tanga, nyuma hufunika taa na viashiria vya kona, na upindo wake huning'inia karibu na mnyororo na spoki za tairi. Aliye na fedha ya vazi hilo tu, ninamshauri anunue suruali nzuri peke yake na kuvaa juu jaketi alilo nalo. Najua ushauri huu huwashangaza watu, lakini mtu aliyekauka kuanzia kiunoni kwenda chini na kulowa mabega huendesha salama zaidi kuliko aliyekalia maji.

Miguu ni rahisi. Buti la mpira la shambani linatosha kabisa, mradi suruali ipite juu ya buti na si ndani yake, la sivyo utakuwa umejitengenezea mfereji wa kujaza buti. Zamani tulikuwa tukifunga mifuko ya rambo juu ya viatu, lakini tangu Juni 1, 2019 mifuko hiyo imepigwa marufuku, na hata ilipokuwepo iliteleza kwenye breki ya mguu. Jihadhari na bomba la moshi: suruali ya nailoni ikiligusa huyeyuka papo hapo, kwa hiyo upana wa mguu wa kulia ufungwe kwa mkanda wa velkro.

Mikono ndiyo iliyonitesa zaidi, kwa sababu barabara yetu hupanda kutoka Uyole hadi Isyonje, kwenye baridi kali na ukungu, kabla ya kuteremka Kiwira. Mikono iliyolowa kwenye upepo hufa ganzi, na vidole vilivyokufa ganzi havivuti breki kwa wakati. Huwa ninacheka ninapokumbuka kwamba nyuma yangu nimebeba naitrojeni yenye nyuzi joto 196 chini ya sifuri, ilhali ninayeganda ni mimi. Nilijaribu zile glavu ndefu za plastiki tunazotumia kazini, zinazofika begani, nikazivaa juu ya glavu za sufi. Zilipasuka kabla sijafika Isyonje, na usukani ukawa unateleza kama kambale. Kilichonifaa hatimaye ni glavu nene za mpira za kufanyia usafi, saizi kubwa kabisa, juu ya glavu nyembamba za sufi, na mkono wa koti ukiwa umefungwa juu yake ili maji yateremke nje. Si pambo, lakini tangu nianze kuzivaa vidole vyangu havijafa ganzi tena.

Kuhusu kofia ya koti, ifunge ndani ya kola au ikate. Ukiivaa juu ya helmeti upepo huivuta nyuma pamoja na shingo yako, na ukiiacha ikining'inia hujaa maji kama bakuli. Kioo cha helmeti kinachoshika ukungu hupona kwa tone la sabuni ya maji ya vyombo, linalopakwa kwa ndani na kufutwa kwa kitambaa kikavu hadi lisionekane.

Mitumba inastahili aya yake, kwa kuwa ndiko lilikotoka koti langu bora kuliko yote. Katika marobota yanayofunguliwa soko la Mwanjelwa, Mbeya mjini, hupatikana makoti ya wafanyakazi wa barabarani wa Ulaya, ya rangi ya machungwa au njano yenye mistari ya kung'aa, yaliyoshonwa kwa uangalifu ambao hutaupata kwenye koti jipya la bei hiyo. Rangi yenyewe ni faida, maana kwenye ukungu dereva wa lori hamwoni mtu mwenye koti jeusi. Hatari yake ni moja. Ule utando wa plastiki uliopakwa ndani ya kitambaa huzeeka hata koti likiwa halijavaliwa, hasa likikaa miaka limekunjwa kwenye unyevu. Ligeuze na ulisugue kwa kidole: likiacha unga mweupe, likinata, au likitoa harufu kali ya uchachu, liache hata kama ni la shilingi 5,000, kwa sababu utando ukianza kubanduka hakuna fundi wa kuurudisha. Njia nyingine ni kubana kitambaa mdomoni na kupuliza kwa nguvu. Pumzi ikipita, maji nayo yatapita.

Anayeishi kwenye joto, kwa mfano Kyela chini kule ziwani au pwani ya Dar es Salaam, asinifuate katika suala la plastiki nzito. Mimi huivumilia kwa sababu ya baridi ya milimani, lakini kwenye joto utalowa kwa jasho lako mwenyewe kama ungelowa kwa mvua. Huko nailoni nyepesi iliyopakwa plastiki, yenye matundu ya hewa mgongoni yaliyofunikwa kwa kitambaa, itakufaa zaidi, hata kama itadumu msimu mmoja au miwili tu.

Koti hufa zaidi nyumbani kuliko barabarani. Usilikunje likiwa bichi, usilianike juani siku nzima, usilipige pasi, na usilifue kwa maji ya moto. Lining'inize kivulini ndani nje kwanza, kisha nje. Mshono ukianza kuvuja, silikoni ya mafundi wa vioo haisaidii, kwani niliyoipaka ilibanduka yote ndani ya mwezi mmoja. Fundi viatu wangu hukata kipande cha koti kuukuu la aina ile ile, hukipaka gundi yake ya soli pande zote mbili, husubiri ikauke kidogo kisha hugandamiza kwa nyundo, bila kutia sindano. Suruali ninayoivaa sasa ina viraka vitatu vya namna hiyo, vyote vimekatwa kutoka kwenye ile seti ya bluu ya shilingi 25,000, na bado imebaki ya kutosha viraka vingine vingi.