Uliza Anko: Babu alipigana Kagera, makaratasi hana

SWALI: Anko shikamoo. Naishi Igoma na babu yangu, alienda vitani 1979 kama mgambo akitokea Magu, wakafika mpaka Masaka huko Uganda, akarudi na vipande vya bomu mguuni na mpaka leo usiku wa baridi halali. Pensheni hajawahi kuiona. Makaratasi yote yaliungua nyumba iliposhika moto, kabaki na picha moja ya yeye na wenzake. Sasa kuna jamaa anapita anaorodhesha wazee wa vita, kila mmoja atoe elfu hamsini, anasema majina yanapelekwa Dodoma na hela zitatoka. Tumpe?
Mjukuu, Igoma

JIBU: Marahaba mjukuu, na babu mfikishie shikamoo yangu. Elfu hamsini msitoe. Hao ni vishoka, na hata angekuwa mtu mwaminifu bado orodha ya majina matupu haimsaidii babu yako, maana kila mzee ana kesi yake, huyu alikuwa askari wa kudumu anadai kiinua mgongo, yule mgambo aliyeumia, mwingine ni mjane, ukiwachanganya kwenye barua moja afisa anajibu kwa ujumla halafu basi.

Cha kwanza kujua ni babu aliondokaje jeshini. Vita ile jeshi letu liliongezeka haraka sana, kutoka kama 40,000 hadi zaidi ya 100,000, na mgambo walikuwa wengi humo. Kampala ilipoanguka Aprili 1979 na vita kuisha, wengi wao walirudishwa vijijini, wengine wakabaki wakawa wanajeshi kamili. Aliyerudishwa kijijini hasomeki kama mwanajeshi mstaafu, sasa ukiandika "nadai pensheni" wakati hakuwa na utumishi wa kudumu wanakurudisha mlangoni. Mimi naona si haki kwa mtu aliyemwaga damu, lakini ndivyo faili zinavyosomwa. Kwa hiyo barua yenu iongelee jeraha la vitani.

Kaa naye jioni akiwa na nguvu, mwache aongee wewe andika: kikosi, kamanda, aliandikishwa wapi, aliumia wapi, nani alimbeba, alitibiwa hospitali gani. Namba ya jeshi kama anaikumbuka ni dhahabu. Hao wa kwenye picha kama kuna aliye hai mtafuteni haraka, aape kwa wakili au hakimu kwamba walikuwa pamoja. Halafu ushahidi ambao moto haukuugusa uko mguuni mwake! Mpigeni eksirei, dokta aandike kuna vyuma wapi na vinamzuiaje kutembea. (Akipelekwa kipimo cha MRI aseme mapema ana chuma mwilini, ni hatari.)

Vyote hivyo, barua yenu ya madai na barua ya mtendaji wa mtaa peleka kwa mshauri wa mgambo wa wilaya, ni afisa wa jeshi kabisa huyo, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Utazungushwa, jiandae.

Ila maumivu yasisubiri faili. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anatakiwa kutibiwa bure kwenye hospitali za serikali, hiyo haihusiani na vita wala jeshi, muone afisa ustawi wa jamii wiki hii.

SWALI: Baba alikuwa JWTZ, kafariki mafao hajamaliziwa. Mama anaweza kufuatilia?
Msomaji, Ukerewe

JIBU: Anaweza, lakini jina la mume na cheti cha ndoa peke yake havitoshi. Ukoo ukae, mteue msimamizi, muandike muhtasari, mwende mahakama ya mwanzo na cheti cha kifo mfungue mirathi. Bila barua ya usimamizi hamlipwi hata senti. Na mama mwenyewe awe msimamizi kama ana nguvu, maana baba wadogo nao huwa wanaikumbuka familia ghafla hela zikisikika.