Hatua ya 2 ni miaka mingapi?

Pole dada, mpe pole na mama. Kuhusu swali lako la "mama ana saratani ya titi hatua ya 2, ataishi miaka mingapi", hatua peke yake haitoshi kujibu. Chukua ile karatasi ya majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe uisome: tezi ngapi za kwapani zimekutwa na saratani, daraja la seli (1 hadi 3, za 3 ndizo zenye kasi), halafu ER na PR (vipokezi vya homoni kwenye seli za saratani) na HER2 (protini inayozichochea seli hizo kukua). Hapo kwenye herufi ndipo penye habari. ER ikiwa chanya kuna tamoksifeni, kidonge kila siku kwa miaka 5 au zaidi, na kinapunguza sana uwezekano wa saratani kurudi. HER2 chanya zamani ilitisha; siku hizi ina dawa yake, trastuzumabu, ila bei yake nayo! Zote tatu zikiwa hasi, kazi ni ngumu zaidi na tegemeo kubwa ni kemo (dawa kali za kuua seli za saratani).

Karatasi ikiwa haina herufi hizo, daini kipimo mapema. Shangazi yangu alianza dawa bila hicho, ikabidi turudi maabara kuomba kinyama kilichohifadhiwa kipimwe upya. Miezi miwili ikapotea hivyo.

Na ile asilimia 99 ya miaka 5 unayoiona mtandaoni ni ya Marekani, kwa uvimbe ambao haujatoka titini. Usimpimie mama kwa hiyo.

Tezi wamekuta ngapi?