Tume ya mji wetu inapunguzwa: nikasimame kusema nini?

SWALI: Shikamoo Bibi. Nakuandikia kutoka Iowa, Marekani. Mimi ni Mkongomani, nimekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na sasa nina miaka sita hapa. Nafanya zamu ya pili kwenye kiwanda cha nyama ya nguruwe. Mji wetu una Tume ya Haki za Raia yenye wajumbe 11. Baraza la mji linataka wabaki saba, eti vikao vinavunjika kwa kukosa watu. Mchungaji wetu anasema wanatuziba mdomo, twende kwa wingi tukapinge. Mwenyekiti wa jumuiya yetu anasema waache wapunguze, wachache hufanya kazi vizuri. Wote wawili wamenituma mimi nikaseme, kwa kuwa Kiingereza changu kina nafuu. Nina dakika tatu. Niseme nini? Halafu nina langu mwenyewe: msimamizi wetu ametukataza kuongea Kiswahili, hata tukiwa tunakula. Nilitaka kuipelekea tume hiyo malalamiko. Wakiipunguza, nani atayapokea?

Mama wa Wanne, Iowa

N.B. Sijawa raia, nina grini kadi tu. Naweza kuomba kiti?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kutumwa na wazee wawili wasiopatana.

Nianze na la msimamizi, kwa kuwa lenyewe lina tarehe ya mwisho. Malalamiko hawayapokei wajumbe. Wajumbe ni watu wa kujitolea, huyu mwalimu, yule ana duka la matairi, wanakutana mara moja kwa mwezi. Karatasi yako inapokelewa na watumishi wa ofisi, wanaolipwa mshahara, na hata wajumbe wakibaki watano hao ndio watakaofungua faili. Sheria ya Iowa inakupa siku 300 tangu siku ya tukio. Ukiona ofisi ya mji inasuasua, peleka ile ya jimbo, iko Des Moines. Usihesabu miezi, hesabu siku.

Leo hii chukua daftari uandike tarehe, saa, msimamizi alitamka maneno gani hasa, nani walikuwa mezani na walikuwa wanakula nini. Usicheke. Nimetafsiri mahakamani miaka mingi, na shahidi anayekumbuka kwamba siku ile alibeba ugali na sombe husikilizwa kuliko yule wa "ilikuwa kama mwezi wa tatu hivi". Na ujue kwamba tume ya shirikisho inayoshughulikia ubaguzi kazini imeshika kwa miaka mingi msimamo huu: mwajiri akilazimisha Kiingereza saa zote, mapumziko yakiwemo, huchukuliwa kuwa anabagua. Kwenye mstari wa visu, anaweza kuwa na hoja ya usalama. Kwenye sombe hana hoja.

Haya, tuje kwenye viti.

Mimi, mzaliwa wa Ujiji, nilistaafu nikidhani nitapumzika, nikajikuta nimeingizwa kwenye tume ya namna hiyo katika mji ambao sitautaja. Nilikaa miaka mitatu. Kwenye karatasi tulikuwa 11. Jioni moja ya mwezi wa pili, theluji imefika magotini, akaja mama mmoja, mtoto mgongoni kwa kitenge, mkononi ana mfuko wa rambo uliojaa risiti za kodi ya nyumba. Mwenye nyumba alikuwa amemwambia wapangaji wageni wanapika vitu vinavyonuka, watafute pengine. Alitaka dakika chache tu za kusema mbele ya tume. Tulikuwa watano. Akidi, yaani idadi ya chini ya kuhalalisha kikao, kwa watu 11 ni sita. Karani akaitazama saa ya ukutani mpaka ikafika saa kumi na mbili kasorobo, akafunga laptopu yake, akasema hakuna kikao. Yule mama hakuelewa. Aliona watu watano wamekaa, jagi la maji mezani, vipaza sauti vina taa nyekundu. Nikamweleza kwa Kiswahili. Akaniuliza, "Sasa nyinyi watano si watu?"

Sikuwa na jibu. Nilimsaidia kukusanya risiti zake, mbili zilikuwa zimelowa.

Kwa hiyo mwenyekiti wenu hasemi uongo. Kamati ya harusi ya watu 30 umeiona: wanaokuja ni sita, na hao sita ndio wanaochanga. Tofauti ni kwamba harusi itafungwa hata kamati isipotimia. Tume isipotimia, hakuna kinachopitishwa. Wajumbe saba wanahitaji wanne tu, na siku ile tungekuwa saba kwa idadi, yule mama angesikilizwa.

Lakini mchungaji naye ana lake, ingawa "kuziba mdomo" ni neno kubwa. Muulizeni meya viti hivyo vimekaa vitupu kwa sababu gani. Kwenye tume yetu vilikuwa vinne, na maombi matatu yalikuwa yamelala kwenye droo ya ofisi tangu kiangazi. Kikao kilikuwa Jumanne saa kumi na moja na nusu jioni, na zamu ya pili kiwandani, unaijua kuliko mimi, inaanza saa tisa. Hakuna mtu wa kiwanda aliyeweza kuja hata kwa dawa. Tukabaki wastaafu na wanasheria, kisha ripoti ikaandikwa kwamba wananchi hawana hamu! Mimi sina ugomvi na saba. Nina ugomvi na mtu anayeacha kiti kitupu mwaka mzima, halafu anakitaja kama ushahidi kwamba hakihitajiki. Wakipunguza bila kugusa saa ya kikao, baada ya miaka miwili hao saba nao watakuwa watatu, na tutaambiwa sasa watano wanatosha.

Sheria ya jimbo haiwapangii idadi. Inasema mji wenye watu 29,000 au zaidi lazima uwe na chombo huru cha haki za raia, kipangwe na kipewe fedha za kutosha kufanya kazi yake. Kwa hiyo kama mji wenu umefikia idadi hiyo, kuifuta kabisa hawawezi, na anayewatisha watu makanisani kwamba tume inafutwa mwambie apunguze. Macho yenu yawe kwenye bajeti ya ofisi. Wajumbe wanaweza kuwa 20 na mchunguzi akawa mmoja wa nusu siku, na faili lako likakaa.

Iowa yenyewe ilijifunza hili polepole sana. Tangu mwaka 1884 ilikuwa na sheria inayokataza kumbagua mtu kwenye hoteli, mgahawa na mahali pengine pa umma. Nzuri kwenye kitabu. Tarehe 7 Julai 1948, miaka 64 baadaye, Edna Griffin, mwanamke mweusi, aliingia na wenzake kwenye duka la dawa la Katz pale Des Moines, wakaagiza aiskrimu, wakaambiwa hapa hatuwauzii weusi. Ilibidi waandamane nje ya duka na waende mahakamani. Meneja akatozwa faini ya dola 50, na mwaka 1949 Mahakama Kuu ya jimbo ikaithibitisha hukumu. Tume ya jimbo ilikuja mwaka 1965 tu. Miaka yote hiyo sheria ilikuwepo, ila hapakuwa na mlango wa kubisha wala mtu wa kukwambia kaa hapa, niambie ilikuwaje. Mlango huo ndio ukaulinde.

Dakika tatu ni fupi kuliko unavyodhani. Salamu peke yake itakula nusu dakika, kwa hiyo usisalimie meza nzima kama uko msibani. Mimi ningesema hivi: "Nafanya kazi zamu ya pili na nimeomba ruhusa isiyolipwa kuja hapa. Sipingi saba. Naomba mambo matatu yaandikwe ndani ya sheria hii ndogo. Kiti kikibaki kitupu zaidi ya siku 60, baraza lieleze hadharani kwa nini. Kikao kimoja katika kila robo mwaka kiwe Jumamosi asubuhi. Na bajeti ya ofisi ya tume isipunguzwe kwa kisingizio cha kupungua wajumbe. Halafu nauliza: kati ya 11, ni wanne gani wanaoondoka, na lini?" Hilo swali la mwisho uliulize, kisha unyamaze. Kama wanaondolewa wajumbe waliopo na wanaohudhuria, badala ya viti vitupu kuachwa vife vyenyewe, hapo mchungaji atakuwa amewaona kabla yako, na utanisamehe kwa kumkosoa.

Usiogope kama siku ya kwanza utatetemeka. Iowa sheria ndogo ya mji hupigiwa kura katika vikao vitatu kabla ya kupita, isipokuwa robo tatu ya madiwani wakubaliane kuruka. Ajenda hubandikwa angalau saa 24 kabla, basi mteue kijana mmoja wa kuitazama kila wiki. Kura ya kwanza pelekeni watu wachache wenye hoja. Kwaya nzima iwekeni akiba.

Kuhusu kiti: fungua kanuni ya tume ya mji wako uone neno lililotumika. Likiwa "mkazi", grini kadi inatosha. Likiwa "mpiga kura", subiri kiapo chako. Ikiwa ni mkazi, jaza fomu kabla ya siku ya kusema, umkabidhi karani mkononi, akugongee muhuri wa tarehe kwenye nakala yako. Hiyo nakala nenda nayo kwenye kile kipaza sauti.