Sukari ya baba inashuka yenyewe, ndo amepona?

SWALI: Shikamoo dokta. Baba yangu ana kisukari miaka mingi na anachoma insulini. Dozi ni ileile, kula ni kulekule, ila siku hizi sukari inashuka balaa, juzi usiku tulimkuta kaloa jasho anaongea vitu havieleweki, kupima ikasoma 2.9 mmol/L. Ndugu wanasema ugonjwa unaisha, aache sindano. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana kwa usiku huo. Hapana, hilo la kupona msilikubali kabla figo zake hazijapimwa.

Iko hivi, insulini haikai kwenye damu, mwili unaiondoa haraka sana, ile inayotengenezwa na kongosho inapita kwanza kwenye ini na karibu nusu yake inaishia hapohapo, inayobaki inaondolewa zaidi na figo. Sasa ya sindano inaingilia chini ya ngozi, haianzii kwenye ini, kwa hiyo mzigo mkubwa unaangukia figo. Figo zikichoka (na kisukari cha muda mrefu kinazichosha kweli) insulini inachelewa kutoka, inaendelea kushusha sukari hata pale ilipotakiwa iwe imeshaisha. Yaani dozi ya jana leo imekuwa kubwa, wakati kwenye bomba mmevuta yuniti zilezile! Tena figo zenyewe huwa zinatengeneza sukari kidogo mtu akikaa bila kula, nazo zikidhoofu hiyo akiba inapungua, ndo maana usiku unakuwa mbaya.

Ini nalo likijaa mafuta linaondoa insulini kidogo kuliko kawaida, lakini kwa hali ya baba mimi naanza kushuku figo.

Mpelekeni wiki hiihii, msingoje klinik ya mwezi ujao. Ombeni kreatinini ya damu na albumini ya mkojo (vipimo vya kuonyesha figo zikoje), na nendeni na daftari la vipimo vyote vya sukari pamoja na saa mlizopima, daktari apunguze dozi kwa kuangalia hizo namba. Kuacha sindano ghafla hapana jamani, sukari inaweza kupanda mpaka akalazwa.

Ikishuka chini ya 3.9 na anaweza kumeza, mpeni vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari kwenye maji, subirini dakika 15 mpime tena, bado iko chini rudieni. Akiwa hajitambui msimtie chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali. Na usiku huu kabla hajalala mpimeni, hata kama anasema yuko poa.