Mtini wa nchi za baridi hapa Mwanza: nimeupanda, nimeuua, sasa unazaa

Wakuu, salaam.

Mdau ameuliza hivi: ana kiwanja Buhongwa, ameona mtandaoni mitini inayoitwa Chicago Hardy, inasifiwa kwamba haifi kwa baridi. Kaka yake anakuja kutoka Marekani mwezi Desemba. Amwambie amletee vijiti? Na mti wa nchi ya barafu utazaa kweli huku kwetu? Nilitaka kumjibu mistari miwili nikaona haitoshi. Nina mitini uani tangu 2017, niko Bwiru, mlimani kwenye mawe. Minne nimeiua kwa mkono wangu, mitano ipo hai. Nitasema ya uani kwangu.

Kwanza tuwe pamoja kuhusu mti wenyewe. Majirani zangu wote, Wakristo kwa Waislamu, wanaujua mtini kwa kuusikia kanisani na msikitini, lakini kuuona kwa macho ni wachache. Ukiwaonyesha wanasema "aa, mkuyu!" Siyo mkuyu. Ni ndugu, ndiyo, ila mkuyu ni lile jitu la mtoni linalozaa vishada kwenye shina. Mtini wa tini za kula ni mdogo, majani yake makubwa yamekatwa kama kiganja, yanakwaruza kama msasa, na unaweza kuutunza usizidi urefu wa mtu.

Sasa baridi. Mwanza tuko mita kama 1,140 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta. Usiku wa Julai utatafuta sweta, lakini barafu hatuna na hatutaiona. Ukiongeza hela kwa ajili ya uvumilivu wa baridi, unalipia mtihani ambao mti hautafanyishwa hapa. Na ile hofu ya pili, kwamba mti utakosa baridi ugome kuzaa kama tufaha zinavyogoma, iondoe. Mtini hauhitaji baridi nyingi ndipo uamke. Kwangu haulali kabisa, unapukutisha majani kidogo wakati wa kiangazi kikali, basi.

Ila usiitupe hiyo Chicago Hardy, maana ina tabia moja inayotufaa, na ndiyo iliyonifanya niandike kirefu. Kule Chicago majira ya baridi yanaua matawi yote, mara nyingine hadi usawa wa udongo. Mizizi inabaki hai. Joto likirudi, machipukizi yanatoka chini, na tawi hilo hilo jipya linabeba matunda yanayoiva kabla baridi haijarudi. Mitini mingine inategemea sana matawi ya mwaka uliopita, kwa hiyo barafu ikiyaua, mwaka huo mwenye shamba anaangalia majani tu. Ndiyo maana wazee wa Kiitaliano waliohamia New York walikuwa wanaufunga mtini kwa matambara, au wanauinamisha na kuufukia kwenye handaki mpaka baridi ipite.

Maana yake kwetu: huu ni mti unaokubali kukatwa vibaya sana, na ukishakatwa unajibu kwa matunda. Huku Mwanza barafu ni wewe mwenyewe na mkasi wako. Unachagua tarehe ya kuukata, na kwa kuchagua hiyo umechagua mwezi wa kula tini.

Hapo ndipo nilipopoteza miaka miwili. Nilikuwa nakata Juni, mvua zikiisha, kwa sababu ndivyo nilivyozoea na miti mingine. Mti ulichipua vizuri, matunda yakajipanga kwenye kila kikonyo, nikaanza kuita watu. Tini zikaanza kuiva Novemba, vuli imekolea. Tini iliyoiva ina tundu dogo kitakoni. Mvua ikinyesha usiku kucha, ganda linapasuka kutoka kwenye lile tundu, asubuhi unakuta nyama ya ndani imechacha, inanuka kama pombe ya kienyeji, sisimizi wameingia wanatoka kama abiria wa stendi. Katika matunda kama sitini nilikula manane. Mwaka wa pili nikafanya vilevile nikijiambia ule wa kwanza ulikuwa bahati mbaya.

Mwaka wa tatu nikachukua kalenda, nikahesabu kurudi nyuma. Kiangazi chetu cha uhakika ni Juni mpaka Agosti, Septemba ukibahatika. Kwangu, tangu kukata mpaka vitunda vya kwanza kuonekana, vidogo kama punje ya pilipili manga, ni miezi miwili hivi. Kutoka hapo mpaka kuiva ni miezi mitatu, pungufu kidogo au zaidi kidogo. Kwa hiyo sasa nakata wiki ya mwisho ya Februari, kabla masika hayajashika. Mvua ya Machi na Aprili inasukuma matawi, Mei vitunda vinaonekana, na tini naanza kuchuma mwishoni mwa Julai. Jua kali, usiku wa ubaridi, hewa kavu: ganda halipasuki na sukari inakaa. Mti unaendelea kubeba mpaka vuli inaporudi. Hizo za mwisho sigombani nazo. Zinazowahi kuiva, mke wangu anapika jemu. Zingine kuku wanafaidi.

Tahadhari kuhusu kukata. Mtandaoni utaona wanakata mpaka chini kabisa. Mimi siwezi, kwa sababu ya pimbi. Wenzangu wa milimani mnanielewa. Wa Buhongwa sijui kama mnao. Pimbi wanashuka kutoka kwenye majabali alfajiri, familia nzima, na machipukizi laini ya mtini kwao ni mchicha. Mwaka 2019 nilikata mti hadi chini nikasafiri siku tano kwenda Geita. Niliporudi palikuwa na kisiki kimegugunwa pembeni kama muhindi, hata jicho moja halikubaki. Tangu hapo naacha shina moja la urefu wa gotini na zaidi kidogo, nalizungushia waya wa kuku, nakata matawi yote juu ya hapo. Machipukizi yanatoka juu ya waya. Pimbi anapanda miti vizuri, usidanganyike, lakini ule waya unamchelewesha mpaka mbwa amwone.

Ukimaliza kukata, chagua machipukizi manne au matano yaliyotazama nje, mengine yang'oe yakiwa bado madogo. Ukiyaacha yote utapata kichaka kizuri cha kivuli na tini za kuhesabu. Na vaa mikono mirefu. Utomvu mweupe wa mtini ukikupata kwenye ngozi kisha jua likakupiga, unatoka malengelenge. Mimi nina alama mkononi mpaka leo.

Udongo. Hapa ndipo mitini yangu miwili ya kwanza ilipofia. Mtini unavumilia ukame kuliko tunavyodhani, lakini miguu yake haitaki kukaa kwenye maji. Ule mchanga wa milimani ambao Wasukuma wanauita luseni unaufaa vizuri, maji yanapita. Mbuga nyeusi, ule udongo unaopasuka nyufa kiangazi na kunata kama ugali masika, hauufai. Buhongwa kuna sehemu za yote mawili, kwa hiyo kabla hujanunua kitu, chimba shimo la sentimita sitini, limwagie ndoo mbili za maji jioni. Asubuhi ukikuta bado yamesimama, usipande hapo. Inua tuta la nusu mita, au panda kwenye pipa lililotobolewa chini. Mtini unakubali kuishi kwenye pipa kuliko mti wowote wa matunda ninaoujua.

Luseni nayo ina adui wake: minyoo fundo, wadudu wasioonekana kwa macho wanaoifanya mizizi iwe na vinundu kama mkufu wa shanga. Mti wangu wa tatu niliupanda palipokuwa na bustani ya nyanya miaka mitatu mfululizo. Ukadumaa, majani yakawa manjano, nikaongeza samadi, ukazidi kudumaa. Nilipoung'oa niliona vinundu. Usipande palipolimwa nyanya, bilinganya au bamia karibuni. Weka samadi iliyooza vizuri, ndoo mbili kwa shimo, na matandazo mazito juu. Usipande pia karibu na shimo la choo au bomba la maji, mizizi yake inatafuta maji kwa bidii na itayafikia.

Kuhusu mbolea, kuna rafiki alinishauri nifukie mapanki, yale mabaki ya sangara, kuzunguka mti, eti wavuvi wote wanafanya hivyo kwenye migomba. Nikaenda kuchukua ndoo, nikafukia kwa heshima zote. Usiku wa kwanza mbwa wa mtaa mzima walikuwa uani kwangu. Asubuhi mti umelala chali mizizi juu. Huo ndio wa nne. Kama lazima utumie samaki, oza kwanza kwenye mboji miezi kadhaa.

Ugonjwa utakaouona ni kutu: vidoa vya rangi ya tofali chini ya jani, kisha jani linakauka na kudondoka. Masika yakiwa mazito itakuja tu. Naokota majani yaliyoanguka nayachoma, naacha katikati ya mti wazi upepo upite, na mwishoni mwa Machi napulizia dawa ya ukungu yenye kopa (shaba) mara moja. Matawi machanga ya Februari huikimbia kutu kwa kukua, na hiyo ni faida nyingine ya kukata mapema.

Ndege sasa. Kuzumburu, wale wa mkia mrefu, hawasubiri tini iive, wanaanza ikiwa bado na ganda gumu. Usiku popo wanapokea zamu. Dawa yake iko Mwaloni pale Kirumba: nyavu kuukuu za dagaa, zilizochoka kwa uvuvi. Matundu yake ni madogo, kuzumburu hapenyi. Funika mti mzima, funga chini kwa kamba, na uchungulie kila asubuhi kama hakuna kiumbe kimenaswa.

Kuchuma usifanye haraka. Tini haiivi ikishatoka mtini kama embe au ndizi. Subiri shingo ilegee, tunda liiname lenyewe, uligusapo liwe kama ndewe ya sikio, na kwenye lile tundu pawe na tone la utamu. Ukichuma ukaona utomvu mweupe umetoka kwenye kikonyo, umewahi. Ikishachumwa ni siku mbili, tatu ukiwa na friji. Ndiyo maana sokoni huzioni, na ndiyo maana sikushauri uote biashara kwanza. Ota kifungua kinywa.

Turudi kwa kaka yako na sanduku lake. Usimwambie abebe vijiti kimyakimya. Kuingiza mimea kuna utaratibu wa kibali chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na mzigo unatakiwa uje na cheti cha afya ya mimea cha huko unakotoka. Nasema hivi nikiwa mkosaji. Miaka minne iliyopita nilinunua mche kitaluni Nairobi, lebo imeandikwa Chicago Hardy, nikapita nao mpakani Sirari ndani ya mfuko wa nguo. Baada ya mwezi majani yakaanza mabaka ya manjano yaliyopinda, mozaiki ya mtini. Hiyo ni virusi, inasafiri ndani ya vijiti vyenyewe, haina dawa, na kuna utitiri unaoweza kuihamisha kwenda mti wa jirani. Mti ule bado unazaa, lakini niliuhamishia kwenye pipa mbali na wenzake, na vijiti vyake simpi mtu.

Na ukinunua popote, uliza jambo moja: je, huo mtini unazaa bila kuchavushwa? Chicago Hardy, Brown Turkey na Celeste zinazaa zenyewe. Aina za Smyrna zinamtaka nyigu wake mdogo maalumu aingie ndani ya tunda, bila yeye vitunda vinadondoka vikiwa vichanga, na utabaki kumlaumu mchawi.

Mitini yangu mingine minne haina jina la Kizungu. Inatokana na vijiti vitatu alivyonipa sista mmoja mzee kutoka bustani ya misheni, ambako ule mti ulikuwepo kabla yeye hajafika. Inakubali mkasi sawasawa na ile yenye lebo, na tini zake mimi naziona tamu zaidi. Vijiti ninavyokata Februari huwa vingi kuliko ninavyoweza kuotesha. Chukua vyenye unene wa penseli, urefu wa shubiri, macho manne. Acha utomvu ukauke nusu siku. Chomeka kwenye kiriba chenye mchanga na pumba za mpunga, macho mawili chini, mawili juu. Weka kivulini na umwagilie kwa kubana mkono. Wiki ya sita utaona mizizi.

Wa Buhongwa, ukitaka vya kwangu niandikie inbox Februari ikikaribia. Njoo na gazeti lililoloweshwa la kuvifungia, na shimo lako liwe limeshapimwa maji.