Wakristo wa Uingereza hawateswi

Wapo wanaodai kuwa Wakristo wa Uingereza wanateswa. Hapana, hawateswi, ingawa wapo wanaoonewa mmoja mmoja. Mfalme Charles ndiye mkuu wa Kanisa la Anglikana nchini humo, maaskofu 26 wana viti bungeni kwa sababu tu ni maaskofu, na sheria ya usawa ya 2010 inakataza kumbagua mtu kazini kwa dini yake.

Angalia kesi ya Nadia Eweida, mfanyakazi wa shirika la ndege la British Airways. Alizuiwa kuvaa msalaba mdogo uonekane juu ya sare, akashindwa katika mahakama za nyumbani, ila Januari 2013 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikampa haki yake. Nesi Shirley Chaplin alishindwa siku hiyo hiyo, maana hospitali ilihofia mgonjwa angeweza kuuvuta mkufu wake wa msalaba, na mtu akaumia.

Linalonikera kweli ni la mji wa Bournemouth: mwaka 2024 mtu alitiwa hatiani kwa kukiuka amri ya halmashauri, alipokuwa akisali kimya karibu na kliniki ya kutoa mimba. Kwa hilo Wakristo wanalalamika kwa haki kabisa.