Boga Linalonukia Bila Kuwamo

Swali la wiki hii liliuliza iwapo manukato yanayouzwa kwa jina la boga yana boga ndani yake. Kwa kawaida hayana, na sababu yake inaanzia kwenye tunda lenyewe: nyama ya boga imejaa maji, harufu yake ni hafifu, na ukiikeneka kwa mvuke hupati mafuta yenye kunukia kama yapatikanayo kwenye karafuu. Mbegu zikikamuliwa hutoa mafuta, lakini hayo ni mazito, hayapai hewani, na kazi yake ni kulainisha ngozi zaidi kuliko kuinukiza.

Ndiyo maana mtengeneza manukato hulazimika kulibuni boga. Njia iliyozoeleka ni kukusanya viungo vya pai ya boga ya Wamarekani, yaani mdalasini, karafuu, kungumanga na tangawizi, kisha kuongeza vanilini, yenye harufu ya vanila, na ethili maltoli, kemikali inayonukia kama sukari iliyopikwa hadi kuwa hudhurungi. Mimi siridhiki na njia hiyo, kwa sababu anayeinusa hutambua viungo na utamu tu, ilhali boga halimo hata kwa kuigwa. Isitoshe, kemikali kuu za mdalasini na karafuu huweza kuwadhuru wenye ngozi nyepesi kupata mzio, na Umoja wa Ulaya unataka zitajwe kwenye lebo zinapozidi kiwango kilichowekwa.

Boga lina mengi ya kuigwa. Likipasuliwa bichi hutoa harufu ya ukijani, ambayo heksenoli, kemikali ile ile inayosikika nyasi zinapofyekwa, huweza kuirejesha. Rangi yake ya machungwa hutokana na kerotini, na beta-kerotini inapovunjika huzaa beta-ayononi, yenye harufu ya maua ya vayoleti. Jamii hiyo ya ayononi imo mikononi mwa wanakemia tangu 1893, kwa hiyo hakuna anayeweza kusingizia uhaba wa malighafi. Mtengeneza manukato Mathilde Bijaoui alithubutu mwaka 2010 alipoitungia kampuni ya manukato ya Etat Libre d'Orange manukato ya Like This, akaliweka boga pamoja na tangawizi na maua ya mdanzi, na kwa maoni yangu utunzi huo unastahili wafuasi wengi zaidi.

Anayenunua asiamue kwa mnuso wa kwanza dukani. Ajipake mkononi, asubiri makali ya viungo yapungue, kisha anuse tena: kama iliyobaki ni vanila peke yake, basi amenunua vanila.